Ndiyo, Ni Taya Tu

Mtaa mzima unaniita Redio, na sioni aibu. Nimezaliwa na mdomo, nimekua na mdomo, na mdomo huu ndio ulionisimamisha tena baada ya mume wangu kufariki. Mteja akija kupimwa gauni, anaondoka na gauni, habari za mtaa, na ushauri ambao hakuuomba. Kwa hiyo mjue mapema: siku kinywa changu kiliponisaliti, hakikuchagua siku ya kawaida. Kilingoja siku moja tu katika miaka kumi, siku ambayo nilikuwa na neno moja la kusema, tena neno fupi.

Duka letu ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao wa plaiwudi. Upande wa dirishani nilikuwa mimi na cherehani zangu mbili, moja ya kushonea na moja ya kunyofolea vipuri. Upande wa pili alikuwa Fundi Saa, mgane asiye na makuu, na saa za ukutani ishirini na ushee, na kile kioo cha kukuzia anachokibana jichoni mpaka kimemwachia alama ya duara. Kwa miaka mitano tuliitana "fundi" tu. Mimi nauliza, "Fundi, saa ngapi?" Naye anajibu, "Unataka ya saa ipi, fundi?" maana saa zake hazijawahi kukubaliana. Ubao wenyewe haukufika darini, basi tulikuwa tunasikiana mpaka kumeza mate. Yeye ni mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa nasema ya watu wawili, kwa hiyo hakuna kilichopungua.

Ni yeye aliyegundua ugonjwa wangu. Asubuhi moja nilimsikia anazisimamisha saa zake, moja baada ya nyingine, mpaka upande wake ukawa kimya kabisa.

"Fundi," akaita kutoka ng'ambo. "Una saa huko kwako?"

"Sina."

"Kuna kitu kinagonga. Kinagonga, kinakaa kidogo, kinagonga tena."

Nikaacha kutafuna karanga ili nisikilize. Kimya. Nikatafuna tena.

"Hicho!" akasema.

Akazunguka, akasimama mlangoni kwangu, kichwa kimeinama na sikio mbele, vile anavyosikiliza saa ya mteja. "Tafuna," akasema. Nikatafuna. Ka. "Tafuna tena." Ka.

"Ni wewe, fundi," akasema. "Ni taya. Upande wa kushoto, mbele ya sikio. Linaruka jino."

Kuruka jino ni maneno ya kazi yao. Gurudumu dogo ndani ya saa likichakaa, jino moja linapitwa, na saa inagonga ovyo siku chache kabla ya kusimama. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilisikia tusi. Mwanamke mzima, nimekaa dukani kwangu, mtu anakuja kuniambia nina meno yanayoruka!

"Taya langu halina shida," nikamwambia. "Kasikilize saa zako."

Sikumsemesha siku tatu, adhabu iliyoniumiza mimi kuliko yeye.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kila asubuhi niliamka mataya mazito kana kwamba nimetafuna ngozi, kichwa kinabana penye kipaji cha uso, sikio la kushoto linauma. Nilishalitilia sikio hilo chupa mbili za dawa na halikupata nafuu yoyote, kwa sababu halikuwa na kosa. Dada yangu ninayeishi naye alinisalimu kila kukicha kwa maneno yale yale: "Umesaga meno tena. Nilidhani kuna mtu kaleta mashine ya mahindi chumbani." Na mchana sikuyapa mataya pumziko. Pini nilizibana kwa meno, sita, nane kwa mara moja. Uzi nilikata kwa meno. Mteja akitoa kasoro isiyokuwepo, ninakaza meno ili nisimjibu, na kisha ninamjibu.

"Fundi, lile taya," Fundi Saa alikuwa akiniambia kila wiki, kwa upole.

"Si taya."

"Ni taya."

"Si taya, ni karanga."

Tulikwenda hivyo miezi minne. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini mimi ufa wangu niliukana hata kuwapo.

Sasa nije kwenye jambo la kifungo. Mwezi ule wa nne Fundi Saa aliniletea shati moja mara nne, na kila mara ni kifungo kile kile, cha pili kutoka juu. Mara ya nne ilikuwa saa sita mchana, nina pini nane mdomoni. Nikautazama uzi. Uzi uliokatika wenyewe unaacha manyoya. Huu ulikuwa umekatwa safi.

"Fundi," nikasema kwa pembe ya mdomo, "kifungo hiki kimekatwa kwa mkasi."

Akatazama viatu vyake. "Si mkasi. Ni kile kisu changu cha kufungulia saa."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kuja upande huu."

Mguu wangu ukasahau pedali, cherehani ikasimama. Akaweka kiganja juu ya ubao ulio kati yetu, akaugonga mara mbili, taratibu.

"Mimi sijui kuzungukazunguka," akasema. "Unaonaje tukiuondoa huu ubao? Duka liwe moja. Na nyumba iwe moja. Nataka nikuoe, fundi, kama utakubali."

Sitawaficha, nilifurahi. Miaka miwili nilikuwa nasuka nywele kwa ajili ya mtu aliye nyuma ya plaiwudi! Nikatema pini kiganjani, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa chote, nimpe ndiyo ya kusikika mpaka barabarani.

Ka.

Kinywa kikafunguka na hakikufunga tena. Nikajaribu kukirudisha, taya likagoma, maumivu yakapanda mpaka utosini. Nimebaki nimeachama. Sasa jaribu na wewe unayesoma: panua kinywa mpaka mwisho, midomo isikutane, meno yasikaribiane, halafu useme "ndiyo." Huwezi. Sema "ehe." Huwezi. Kinachotoka ni kile kile kilichonitoka mimi:

"A-a! A-aa!"

Na katika lugha yetu hii, a-a ni hapana. Mtoto wa miaka miwili anaijua. Kisha kwa uchungu nikashika mashavu, nikatikisa kichwa huku na huku, nikawa nimepigilia msumari wa mwisho mwenyewe.

Fundi Saa akarudi hatua moja nyuma. Mtu aliyesikia ubovu wa taya langu kupitia ubao, siku taya lilipoharibika mbele yake hakusikia chochote isipokuwa hiyo a-a.

"Basi, basi, fundi," akasema kwa sauti ndogo. "Usilie. Nimeelewa. Nisamehe."

Akatoka, hata shati hakuchukua. Nilimfuata mpaka mlangoni, lakini barabara imejaa watu, mate yananidondoka, nimeachama kama kiboko. Nikarudi ndani nikajifunika uso kwa gauni la mteja. Hivyo ndivyo dada alivyonikuta aliponiletea chakula.

"Umeona nini?" akauliza. "Mbona umeshangaa hivyo?"

"A-a!" nikamwambia.

"A-a nini? Funga mdomo, nzi wataingia."

Alipoelewa, alinifunga mtandio kichwani na kidevuni, tukaenda hospitali.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo mwenye mikono baridi na maneno ya moja kwa moja. Alinikalisha kwenye kiti kifupi, akajizungushia bandeji kwenye vidole gumba viwili, akavitia kinywani mwangu mpaka kwenye magego ya chini. "Mama, legeza. Usinisaidie." Akakandamiza chini, akasukuma nyuma. Ka! Kinywa kikafunga. Nilimpenda binti yule kuliko ndugu zangu wote.

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza. Mbele ya sikio kuna kiungo ambapo taya limepachikwa kwenye fuvu, na katikati yake kuna kijisahani laini, mfano wa mto mdogo, cha kuzuia mfupa usisugue mfupa. Changu kilikuwa kimezoea kuteleza, ndiyo maana ya ile ka. Akachukua vidole vyangu, akaviweka kwenye mashavu yangu. "Kaza meno, kidogo tu." Nikasikia msuli unatuna chini ya vidole kama nusu ya yai la kuchemsha. "Huu ndio msuli wa kutafunia. Kwa ukubwa wake ni mmoja wa wenye nguvu sana mwilini. Wako haupumziki. Mchana unatafuna nini?"

Nikaonyesha pini iliyosahaulika kifuani pangu.

"Pini?" akauliza.

"Na nyuzi," dada akachongea.

"Mama, meno si mkasi. Wala si mto wa pini." Kisha akatoa hukumu. Wiki moja nisiongee kabisa, kidevu kifungwe bandeji. Wiki mbili zinazofuata, kinywa kisizidi upana wa vidole viwili. Chakula laini. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni asubuhi na jioni. Mwayo ukija, ngumi chini ya kidevu. Na wakati wote nisipokula wala kuongea: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi ulale juu.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Asiongee wiki nzima? Daktari, si mngemkata mguu tu!"

Pale pale kwenye benchi la hospitali nikatoa daftari langu la vipimo, nikachana ukurasa wenye kiuno cha mtu, nikaandika nyuma yake: *Ndiyo. Ni taya tu.* Niliona nimemaliza kila kitu. Ndiyo, nimekubali. Na ile kelele uliyoisikia, usiijali, ni taya tu. Nikaikunja, nikampa dada ampelekee Fundi Saa. Sikumwambia ina nini. Habari yangu mwenyewe nilitaka niitangaze mwenyewe kinywa kikipona.

Dada akarudi na jibu, limeandikwa nyuma ya kadi ya duka, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea vitu vidogo: *Nilijua tangu zamani. Ugua pole, fundi.*

Nikaisoma mara tatu. Nikaigeuza, labda kuna kingine. Hakuna.

Mimi nimemkubali mtu, ananijibu ugua pole! Nilipandwa na hasira zile ambazo kwa kawaida nazimaliza kwa kusema, na sasa sina pa kuzitolea. Nikachukua kipande cha bitana nyeusi na chaki ya kushonea, nikamwandikia dada kisa chote, nikifuta kwa kiwiko na kuandika tena, mpaka nikawa mweupe mkono mzima.

Dada akasoma akishika kiuno. "Kumbe! Hebu mwandikie tena, umfafanulie."

SIBEMBELEZI, nikaandika.

"Wewe una kiburi."

KAJUTIA MANENO YAKE.

"Au hakuelewa."

Nikaandika ANAELEWA SAA ZOTE ZA MJI HUU, nikatupa chaki.

Wiki ile ya ukimya nilijifunza mengi juu ya kichwa changu. Nilijifunza kwamba nakaza meno hata nikitia sukari kwenye chai. Nikawa nakumbuka: midomo ikutane, meno yaachane, ulimi juu. Nikaweka kitambaa cha uvuguvugu shavuni, nikakanda msuli kwa duara ndogondogo. Maumivu ya kichwa yakaniaga siku ya tano. Sikio likanyamaza. Wiki ya pili nikaanza kusema, kwa upana wa vidole viwili, sauti nyembamba kama ya mtu anayesengenya msikitini au kanisani. Mwili ulikuwa unapona vizuri na moyo hauna habari.

Siku moja kabla ya kurudi kazini, dada akaja na taarifa. "Fundi Saa kampa notisi mwenye nyumba. Anahamia upande wa pili wa mji. Leo anafunga saa zake kwenye maboksi."

Nikaendelea kukunja nguo. Nikakunja gauni moja mara mbili, nikalikunjua. Nilifikiria kukaa mle dukani, nyuma ya ule ubao, na kusikia upande wa pili hakugongi kitu. Kiburi ni kitamu mpaka utakapobaki nacho peke yako. Nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza.

"Kusema," nikajibu. "Vidole viwili vinatosha."

Nilimkuta amepiga magoti kati ya maboksi, anaviringisha saa ya ukutani ndani ya gazeti. Zote zilikuwa zimesimamishwa. Sijawahi kusikia upande ule ukiwa kimya vile tangu siku ya karanga.

"Fundi," nikasema, "unahama bila kuaga?"

Akasimama haraka, gazeti mkononi. "Niliona ni bora. Ili urudi kazini kwa amani, usione aibu ya kunitazama."

"Aibu ni yako! Mtu unamposa mwanamke, halafu unaghairi kwa kadi ya duka!"

"Mimi?" akasema. "Nimeghairi mimi? Wewe ulisema a-a."

"Taya lilikuwa limetoka!"

"Ukatikisa kichwa."

"Nilikuwa naumwa! Na si nilikuandikia?"

"Uliniandikia, ndiyo," akasema. "Nikafurahi kwamba hatimaye umekubali..."

"Basi si ndiyo hivyo, nimekubali!"

"...kwamba ni taya."

Tukatazamana. Akafungua mlango mdogo wa saa kubwa ya mbao, ile ambayo hamuuzii mtu, akatoa humo karatasi yenye kiuno cha mtu. Alikuwa ameihifadhi. Akaisoma kwa sauti, polepole, "Ndiyo. Ni taya tu." Akainua macho. "Miezi minne nakwambia ni taya, unaniambia si taya. Nikapata karatasi hii. Nikasema, alhamdulillahi, leo amekubali ni taya. Nikakujibu kwamba nilijua tangu zamani."

"Ndiyo ile," nikasema, "ilikuwa ya ubao."

Akasoma tena. Nikauona uso wake ukifunguka kidogo kidogo, kama mtu aliyepata skrubu aliyoitafuta wiki tatu na kumbe ilikuwa mkononi. Akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa mabega. Nami nikashikwa, kicheko kikanitoka tumboni kile changu cha zamani, kinywa kinaanza kwenda, kinaendelea kwenda...

Mkono wake ukafika kabla yangu. Akanishika kidevu kwa kiganja, imara, kwa uangalifu ule anaoshikia saa ndogo za kike.

"Vidole viwili," akasema. "Dada yako aliniambia siku alipoleta karatasi."

Tukabaki hivyo, nacheka kwa pua, machozi yananitoka, kidevu changu kiganjani mwake. Kisha akainamisha kichwa, sikio mbele.

"Lile neno lenyewe bado sijalisikia," akasema. "Saa zote nimesimamisha. Sema."

Nikapandisha ulimi, nikaachanisha meno, nikalegeza kila nilichofundishwa kulegeza.

"Ndiyo," nikasema.

Akasikiliza kidogo zaidi. "Safi," akasema. "Halijaruka."

Ubao tuliuondoa siku ile ile. Alikuwa na bisibisi za saa tu, zile nyembamba kama sindano zangu, na skrubu za ubao zilikuwa za seremala, basi tulihangaika mpaka alasiri na akavunja bisibisi tatu bila kujali. Palipokuwa na ubao pamebaki mstari sakafuni, rangi nyingine, na wateja wanauruka mpaka leo bila kujua kwa nini. Plaiwudi nilifanya meza ya kukatia vitambaa. Juu yake kuna mto mkubwa wa pini, alioushona yeye mwenyewe, vibaya sana.

Tulipokwenda ofisini kuandikisha ndoa, madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na dada alikuwa ameketi nyuma yetu na leso tayari. Msajili alinitazama, akamtazama Fundi Saa, akaweka kalamu chini.

"Bwana," akasema, "mbona umemshika bibi kidevu? Anatakiwa ajibu kwa hiari yake."

"Ni hiari yake," Fundi Saa akajibu. "Mimi nazuia tu asiseme a-a."

Dada nyuma akapiga kofi paja lake. Msajili hakuelewa, lakini akauliza lile swali lake kama sheria inavyotaka, nami nikalijibu kwa upana wa vidole viwili, na walionisikia barabarani wanasema walinisikia vizuri kabisa.